Mbolea ya Ng'ombe wa Mahari

Nimefundisha jiografia miaka thelathini na mmoja hapa Bukavu, na kila mwaka niliwaandikia watoto ubaoni kwamba udongo wa milima ya volkano una rutuba nyingi. Leo nawaomba wote msamaha. Njooni kwangu Ibanda, si ule upande wa majumba ya ziwani, huku kwetu mlimani, mtazame udongo ulio nyuma ya jiko langu. Mvua ikinyesha unateleza, jua likiwaka unapasuka. Mwaka jana nilipanda lengalenga, ndiyo mchicha, nikavuna majani ya kumtosha mbuzi mmoja mwenye adabu.

Shamba lenyewe ni hatua kumi na mbili kwa nane. Ndicho kipande pekee cha parseli yetu, yaani kiwanja chetu, ambacho hakijajengwa, na mke wangu Laurette akikitazama haoni mboga. Anaona chumba cha kupangisha, chenye mlango wake na mpangaji wake. Tangu benki za mjini zifunge milango sijui pensheni yangu iko wapi, na nyumba inaendeshwa na vitenge anavyouza Laurette sokoni Nyawera. Kwa hiyo aliponiwekea tarehe sikuwa na ubavu wa kubisha.

"Papa Aimée, mi nilisha choka," aliniambia mwezi wa nane. "Nakuachia saison moya tu ya kulima. Kama Toussaint inafika na sijakula mboga ya ile shamba, naita maçon ajenge."

Toussaint, sikukuu ya Watakatifu Wote, ni tarehe mosi Novemba, na lengalenga huchukua kama mwezi mmoja. Muda nilikuwa nao. Nilichokosa ni mbolea. Na niseme ukweli: si kwamba tulikuwa tunakufa njaa. Ni kwamba nimesimama mbele ya watu maisha yangu yote, na sasa nakaa kwenye kiti nasubiri mke wangu arudi sokoni anilishe. Nilitaka kitu kimoja kwenye ile sahani kiwe kimetoka mikononi mwangu. Kimoja tu, hata kama ni jani.

Nilianza kwa jirani yetu Steve, anayefuga kuku wa nyama kwenye gereji ya marehemu baba yake. Kinyesi cha wale kuku alikuwa akikimwaga mtaroni, mtaa mzima tunajua, pua zetu ni mashahidi. Lakini siku niliyokwenda kukiomba, kikageuka bidhaa.

"Papa Prof, ile iko fumier," alisema, ndiyo mbolea kwa Kifaransa, huku ananiangalia kwa huruma. "Batu ya ma-villa banaitafuta sana."

Nikalipa. Nilipofungua gunia nyumbani, nikatia mkono mpaka kwenye kiwiko: maranda ya mbao. Gunia zima maranda, na humo ndani vinyesi viwili vitatu vya kuku anayebana matumizi. Nikarudi kwa Steve nimewaka.

"Byote biko fumier, papa," alinijibu. "Na ile sciure ya mbao itaoza. Uko na haraka ya nini?"

Nikaenda kwa akina mama wanaochoma ndizi barabarani, nikawaomba maganda. Maganda yana mwenyewe: mtu wa nguruwe amekwisha kuyalipia mpaka mwezi ujao. Yale yale maganda ambayo kwa miaka yote niliyaona yameziba mifereji! Nikaenda kwenye tanuri la mikate kuomba majivu. Mlinzi akataka kwanza nimkumbuke kwa chochote. Nilimkumbuka, na nitamkumbuka maisha yangu yote.

Ndipo siku moja, nimekaa kwenye ngazi za jiko nachambua vinyesi kutoka kwenye maranda kama mtu anayechambua mchele, nikakumbuka kwamba mimi nina ng'ombe.

Ninaye, kweli. Binti yetu Aimée aliolewa miaka mitatu iliyopita, anaishi na mumewe Bunyakiri. Mahari yake ilikuja na ng'ombe mmoja mwenye paji jeupe. Na kwetu sisi Bashi, Mushi wa mjini akipokea ng'ombe wa mahari hamfungi uani. Humpeleka kijijini kwa ndugu anayemwamini. Huyu wa kwetu nilimpeleka Nyantende kwa Cirhuza, mtoto wa baba yangu mdogo. Ng'ombe mzima, anakula na kunya kila siku, na mimi huku nanunua maranda! Nilijiona mjinga kuliko wanafunzi wangu wote.

Kesho yake nikachukua pikipiki na magunia matatu matupu. Cirhuza alinipokea vizuri, akaniletea kiti, akamwita mkewe Lucie alete kasiksi, ile pombe ya ndizi ambayo hakuna mtu anayeipika kama yeye. Sikukaa. Nilikuwa nimekwisha kuliona lundo la samadi nyuma ya zizi, jeusi, limefunikwa vizuri kwa majani ya migomba, na macho yangu hayakutaka kuona kitu kingine.

"Nilikuya kukamata fumier kidogo," nikasema. "Mvua iko karibu."

Cirhuza akatazama magunia, akaniita yaya, yaani kaka mkubwa. "Yaya, unaomba ao unakamata?"

"Kuomba tena? Cirhuza, si iko ng'ombe yangu?"

Lucie, aliyekuwa anakuja na kibuyu, aligeuka akarudi nacho ndani. Cirhuza alichukua koleo mwenyewe, akajaza magunia yote matatu, akayashindilia kwa mguu, akayafunga kamba. Nikasema moyoni, ndugu mwema kabisa huyu. Nikashuka mjini nafurahi peke yangu juu ya pikipiki, mtu mwenye diploma.

Laurette hakufurahi.

"Ulimuambia nini?" akauliza. Nikamsimulia. Akaweka mikono kichwani. "Mutoto ya ng'ombe mutagawana. Maziwa utapewa kama iko. Lakini mavi ni ya ule mutu ng'ombe inalala kwake! Ile njo mushahara yake, hana ingine. Weye uko Mushi gani?"

Na aibu yenyewe ni kwamba nilijua. Nilijua tangu utoto. Nilifikiri tu kwamba mavi ni mavi, hakuna mtu atakayeyatilia maneno.

Jumamosi iliyofuata, kabla ya saa sita, lango likagongwa. Ni Cirhuza, vumbi mpaka kwenye magoti, na mkononi kamba, na kwenye kamba ng'ombe.

"Yaya, ng'ombe yako njo hii," akasema. "Na mavi yake utapata byote."

Laurette akamletea maji. Akayakataa. Akashuka barabara bila kugeuka, nami nikabaki nimeshika kamba kama mtu aliyeachiwa mtoto asiye wake.

Sasa niambieni, katika parseli ya Ibanda ng'ombe unamfunga wapi? Palikuwa na mahali pamoja tu pasipojengwa. Mpaka saa nane alikuwa amemaliza miche yote ya lengalenga niliyokuwa nimeiotesha, amekanyaga matuta, na amelala juu ya lundo la komposti nililochanganya ile samadi yake mwenyewe na maranda ya Steve. Mbolea nilipata, sikatai. Lakini nyasi huku mjini zinauzwa, kwa fungu, na yule mnyama alikula mafungu kama mtu anayelipwa kwa kazi hiyo. Nikachota kila kilichoanguka, nikajaza magunia manne kwa siku tano, mgongo wangu mbovu na moyo wangu mbovu zaidi. Steve akachungulia juu ya ukuta.

"Papa Prof, unauzisha fumier?"

Sitaandika nilichomjibu.

Jumatano simu ikalia. Ni Aimée, na sauti yake ilikuwa imekwisha kuharibika kwa kilio.

"Papa, juu ya nini mulishusha ng'ombe? Batu ya hapa banaijua ile paji yake, bamoya balikuya Bukavu, baliiona inapita ku barabara. Maman mukwe ananiuliza kama munakusanya mahari juu muirudishe na mi nirudi kwetu. Nilifanya nini mubaya, papa? Kama kuko neno, muniambie."

Nilitaka kumweleza habari za lengalenga. Lakini utamwambiaje mtoto kwamba ndoa yake imetikisika kwa sababu baba yake hakutaka kuomba mavi kwa adabu? Nikamwambia hakuna neno, ng'ombe anarudi kesho, nikampa mama yake simu.

Laurette aliongea naye muda mrefu. Kisha akanigeukia. "Kesho asubui unaipandisha ku Nyantende. Na mavi yake."

"Mavi? Ya nini tena?"

"Unataka Lucie aseme ulimunyanganya ng'ombe, na mavi ya siku tano juu yake?"

Basi nikampandisha ng'ombe kwa miguu, mzee mzima, magari yananipigia honi, na magunia manne yakatangulia kwa pikipiki mbili. Dereva mmoja alicheka mpaka akakaribia kuanguka. "Muzee, batu bote banashusha fumier mu ville, weye unaipandisha?" Nikamwambia aangalie barabara.

Nilipofika nilikaa kabla sijaulizwa. Nikauliza habari za watoto, mmoja mmoja, kwa majina. Ndipo nikasema: "Cirhuza, nilikosea. Nilikuya hapa na magunia kama mutu ya kodi. Unisamehe, na Lucie anisamehe."

Cirhuza akapokea kamba. Akampapasa ng'ombe shingoni, akampeleka zizini. Nilidhani yamekwisha. Aliporudi akaonyesha magunia kwa kidole.

"Ile haiko yetu, yaya. Ng'ombe ililala kwako. Rudisha nayo."

Nilitaka kupiga kelele. Pikipiki mbili! Mlima mzima! Nikatoka nje nipate hewa, nikazunguka nyumba mpaka kwenye migomba, na hapo nikakuta mashimo ya Lucie.

Alikuwa ameyachimba kwa mistari, mashimo ya maharagwe, mamia. Mistari ya juu ilikuwa myeusi, kila shimo lina samadi yake. Halafu katikati ya shamba samadi ilikatika, na kuanzia pale mpaka kwenye njia mashimo yalikuwa mekundu, matupu, udongo ule ule wa nyuma ya jiko langu. Mbegu zilikuwa kwenye beseni. Mawingu yalikuwa yamekwisha kushika mlima. Lucie alikuwa amesimama na jembe.

"Haina neno, shemegi," akasema. "Tutapanda tu hivi. Itatoka kidogo."

Ana watoto sita. Nilikuwa nimetoka kutaja majina yao.

Hasira yangu yote ikanishuka, na kilichobaki kilikuwa aibu. Nikaenda nikaburuta gunia la kwanza, nikalifungua, nikaanza kutia, konzi moja kila shimo, kwa mikono. Lucie hakunizuia wala hakunishukuru. Alinifuata nyuma akidondosha mbegu na kufukia kwa mguu. Cirhuza akaja na gunia la pili. Gunia la nne liliisha mistari miwili kabla ya njia, na mvua ikaanza.

Nilirudi nyumbani nimelowa. Laurette alinitazama, akatazama magunia matupu mkononi mwangu, akaelewa. Nyuma ya jiko hapakuwa na mche hata mmoja uliosimama.

"Toussaint iko mbali bado," akasema polepole. "Unaweza tafuta ingine."

Aliingia jikoni kunipashia maji ya kunawa. Hakumwita fundi kesho yake, wala kesho kutwa. Jumatatu mimi mwenyewe nilikwenda kumwita aje ajenge.