Mvua Isimruke Keynan

Ukame ule ulikuwa mkali hata kivuli chenyewe kilitafuta pa kujibanza. Vyura waliozaliwa nyikani nyuma ya mji wa Balambala mwaka ule walikua wakidhani kuogelea ni porojo za wazee wao. Anayebisha na akawaulize vyura.

Lakini msiba wa Kaaha haukuwa wa mzaha. Mjane huyu alikuwa amebakiwa na ngamia mmoja wa maziwa, Bilan, na kwa maziwa yake wajukuu walilala wameshiba. Jirani yake, Keynan, alichimba shimo la kutafuta maji kwenye mchanga wa laga, ule mto mkavu. Alipoyakosa akajiondokea, asilizungushie hata tawi moja la miiba. Alfajiri Bilan akatumbukia, akavunjika shingo.

Wazee walimwamuru Keynan alipe. Akasema ukame umemfyeka, hana kitu. Kaaha hakusadiki. Watu walinong'ona kwamba amewaficha ngamia wake huko Bura.

"Sigombani naye," Kaaha alisema. "Nangoja siku ya dua ya mvua. Nyinyi mtaomba maji. Mimi nitamwomba Mungu amkaushe Keynan."

Shamis, mke wa mwanawe, aliacha kupepeta mahindi. "Eddo," akamwita kwa heshima, "usicheze! Dua ya aliyedhulumiwa haina pazia. Na tunavyokaa karibu hivi, radi ikimkosa Keynan si itatupata sisi?"

"Mungu anajua kulenga."

Siku ikafika. Kijiji kizima kilitoka uwandani, wanambuzi wametengwa na mama zao ili walie, labda kilio chao kitatangulia kusikika. Sheikh Sakariye akapaza sauti: "Kabla hamjainua mikono, sameheaneni. Mwenye kinyongo anatufungia mlango sote."

Watu wakageukiana, huyu akimwomba yule radhi. Keynan alitazama upande wa wanawake, kisha akainamisha macho. Kaaha alitazama mbingu.

Baada ya swala wanaume waligeuza mavazi yao ndani nje, kama ilivyo desturi, ili Mungu naye aigeuze hali yao. Koti la Keynan lilisifika kijijini kwa umaridadi. Alipoligeuza, bitana ilikuwa imekwisha, viraka vitupu vya gunia la unga wa msaada.

Mwenye ngamia Bura havai gunia.

Uchungu ukampanda Kaaha upya, mkubwa kuliko ule wa kwanza. Kumbe ni kweli. Bilan hatalipwa, si leo wala kesho, na hata wa kumdai hakuna. Amebaki Mungu peke yake, na huyo ndiye Kaaha aliyetaka kumtuma kama kijana wa kukodi, mwenye rungu.

Akainua mikono. Kwanza akajaribu kupatana: Ewe Mola, lete mvua, lakini boma la Keynan uliruke. Akaliwaza hilo wingu, likipita juu ya kijiji likichagua maboma kama mbuzi anayechagua majani. Tangu azaliwe hajaliona wingu la namna hiyo, na angeliona angelikimbia. Akaitazama mikono yake. Ilikuwa miwili tu, na haikutosha kumshika Mungu na kumshika Keynan kwa pamoja.

"Mola wangu," akasema, "lete tu. Usimruke mtu."

Mbingu zikabaki nyeupe vilevile. Watu walipotawanyika, Keynan alimjia, macho kwenye ndara zake. "Eddo, mimi..."

"Nimekusamehe kwa ajili ya Mungu. Sasa nenda kalifukie lile shimo. Mvua ikija litajaa maji, watoto watumbukie."

"Mvua gani, eddo?" Shamis akadakia. "Hata wingu la kudanganyia hakuna!"

Kaaha akashika njia. Alipofika nyumbani alikitungua kibuyu cha maziwa, kilichoning'inia kikavu tangu Bilan afe. Akawasha vijiti, akakiinamisha juu ya moshi na kukifukiza ndani polepole, kama afanyavyo mtu anayekwenda kukamua.

Shamis alipochungulia, alimkuta mkwewe machozi yanamtiririka.

"Moshi," akasema Kaaha, akaendelea kufukiza.