Nambari ya Iftin

Jumatatu ya wiki ya pili ya muhula, saa nne na dakika kumi asubuhi, Istahil alisimama kwenye dirisha la darasa la nne na chupa ya chai ya maziwa, kwa sababu binti yake Iftin alikuwa ametoka nyumbani bila kunywa kitu. Alimwona kwenye mkeka wa mbele, bega kwa bega na binamu yake Fowsiya. Mwalimu Guleid alikuwa anagawa tableti za mradi. Fowsiya alipewa yake kwanza. Aliiwasha, akaandika nambari aliyofundishwa nyumbani, alama ya kijani ikatokea, na Iftin hakuwapo tena.

Kalamu yake ilibingirika kidogo kwenye mkeka, ikatulia. Watoto wengine walisogea kuziba nafasi, kama wanavyosogea mwenzao akienda chooni.

Istahil aligonga dirisha. "Mwalimu, mtoto yangu ako wapi?"

Mwalimu aliangalia mashine yake. "Iftin yuko, mama. Hapa inaonyesha amefika saa mbili kasoro tano, na sasa hivi anasoma."

"Mimi namuona Fowsiya."

"Nambari ni ya Iftin. Sasa atakuwa nani mwingine?"

Istahil aliita jina la binti yake mara tatu, kisha akakaa chini nje ya ukuta na chai yake. Saa sita na nusu Fowsiya alizima tableti, na Iftin alikuwa pale pale akitafuta kalamu. Hakulia. Alisema hakuwa ameondoka. Alimsikia mama yake akimwita mara tatu, akaitika mara tatu.

"Na kulikuwa na baridi, hooyo," alimwambia mama yake. Ulikuwa mwezi wa pili, na mbuzi wote wa kijiji walikuwa wamejibana kwenye kivuli cha tangi la shule.

Kosa lilikuwa la Istahil mwenyewe, na si vizuri kulificha, maana kosa kama hilo liko katika nyumba nyingi upande ule wa Kotile. Mwezi uliotangulia wazazi waliitwa mkutano wa mradi. Wageni wawili walikuja na gari kubwa, wakazungumza Kiingereza saa nzima, na mwalimu akafasiri kwa maneno machache: tableti zinakuja, ni za bure, kila mtoto alete nambari ya cheti cha kuzaliwa. Kina mama walipewa soda, wakaweka kidole gumba kwenye karatasi, wakaenda nyumbani. Hakuna aliyewauliza ni watoto wangapi hawana cheti. Wao pia hawakusema. Mama unayesoma haya, ukiitwa mkutano wa namna hiyo, sema kabla ya soda.

Fowsiya hakuwa na cheti. Alizaliwa malishoni mwaka wa ukame, mama yake Habibo akiwa nyuma ya ng'ombe, bila muuguzi wala karatasi. Wakati wa daftari mwalimu alimwandika kwa kalamu, basi. Mashine haikukubali kalamu. Kwa hiyo Habibo, ambaye ni dada wa mume wa Istahil, alikuja jioni moja, akavua viatu, akakaa.

"Abaayo, dada yangu, niazime cheti cha Iftin."

Istahil alikitoa chini ya godoro bila kufikiri mara mbili. Kwa watu wale, ndugu akikaukiwa unamwazima ng'ombe wa maziwa. Anamkamua, watoto wake wanakunywa, na ng'ombe anabaki kuwa wako. Istahil aliona karatasi ni vivyo hivyo. Mtoto wa pili akikamua, wa kwanza atapungukiwa nini?

Kuanzia hapo ikawa ni mbio. Iftin akiwahi kuandika nambari, Fowsiya hayupo. Fowsiya akiwahi, Iftin hayupo. Jumamosi na Jumapili tableti zilifungiwa kabatini, na wasichana wote wawili walionekana kisimani wakirushiana maji. Kina mama wengine walisema afadhali, mwaka jana wangekuwa hawana tableti hata moja.

Lakini Istahil alikuwa anahesabu dakika. Mara ya kwanza Iftin alirudi tableti ilipozimwa tu. Wiki ya tatu alirudi adhuhuri imeshaadhiniwa. Wiki ya tano alirudi alasiri, mikono baridi kama chupa ya soda, na mama yake alipomwambia ataje ukoo wake, baba kwa baba, kama alivyoweza tangu ana miaka sita, alifika kwa babu wa nne akanyamaza.

"Endelea, hooyo," alisema Istahil, maana huko mama humwita mtoto kwa neno lile lile analoitwa yeye.

"Wameishia hapo," Iftin alisema.

Kesho yake Istahil alipanda gari la asubuhi kwenda Garissa, akaingia ofisi ya mradi. Msichana wa mezani alikuwa mpole. Aliandika nambari, akatabasamu.

"Hongera, mama. Huyu hajakosa shule hata siku moja. Ni wa kwanza."

"Ni watoto wawili. Mmoja akiingia, mwingine anapotea. Yangu anachelewa kurudi."

Msichana hakushangaa. "Tunao wengi hivyo. Mwenye cheti ni wako?"

"Yangu, wallahi. Hiki hapa."

"Basi ni rahisi. Namfuta yule mwingine."

Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kitufe. Istahil alikiangalia kile kidole. Kucha ilikuwa imepakwa hina, imechunwa pembeni.

"Ukimfuta ataenda wapi?"

"Kwetu hapa hatakuwapo."

"Na nyumbani?"

"Nyumbani siyo sisi, mama." Msichana alishusha sauti. "Mmoja alifutwa mwaka jana. Mama yake bado anakuja. Lakini huyo mwingine wenu akitafutiwa cheti chake mwenyewe, mambo yataisha. Alete kitambulisho cha mama yake."

Habibo hakuwa na kitambulisho. Alikwisha omba mara tatu, akaambiwa angoje, na alikuwa bado anangoja. Istahil alifikiria babu wa nne na wale walio nyuma yake. Alifikiria pia Fowsiya, ambaye alilala kwake nusu ya utoto wake na ambaye hupenda ukoko wa ubwabwa. 

"Usifute," alisema.

"Basi wapangieni zamu," msichana alisema, akamwita anayefuata.

Istahil alirudi, akamwambia Habibo yote. "Ng'ombe wako ana pembe, abaayo," Habibo akasema, na wote wawili wakacheka, kisha wakaacha.

Wakapanga. Jumatatu na Jumanne ni za Iftin, Jumatano na Alhamisi za Fowsiya. Ijumaa tableti haiguswi, wasichana wanakaa nyuma ya darasa wote wawili, na Istahil huenda dirishani kuwaangalia tu. Mwalimu Guleid alikubali, maana mashine yake haikulalamika. Iftin anajua kuzidisha lakini hajui kugawanya. Fowsiya anajua kugawanya tu. Kwa zamu, kila mmoja anapotea siku mbili tu kwa wiki. Babu wa tano hajarudi. Wa nne bado yupo.

Muhula wa pili ulipoanza, Sahro, jirani wa nyumba ya tatu, alikuja amemshika mkono binti yake wa miaka saba. Mtoto alikuwa na sare mpya, mikono ya shati imekunjwa mara mbili. Sahro hakuuliza kama maneno yanayosemwa ni ya kweli. Alikwisha sikia yote, na mtoto pia.

"Huyu hana karatasi," alisema. "Siku gani iko wazi?"

Istahil alitaka kusema hakuna. Mtoto alikuwa amekwisha nyoosha mkono, kiganja juu, kwa ajili ya kuandikiwa nambari.

"Ijumaa," Istahil alisema. "Na ni mpaka saa sita tu."

"Inatosha," alisema Sahro, akatafuta kalamu.