Kiti cha Kanda

Karakanani siku hizi siitwi jina langu. Naitwa Kanda. "Kanda, chai tayari." "Kanda, sogea nipitishe bomba." Walianza kwa utani, utani ukaota mizizi, sasa hata mume wangu akinipigia simu anauliza kama Kanda atachelewa kurudi. Nacheka nao, lakini moyoni sicheki.

Kosa nililifanya mwenyewe, kwa mdomo wangu. Karakana yetu ni ya wazi: yeyote anaingia, anashika chombo, anajifunza kwa mwenzake, na bosi hakuna. Karakana za namna hii zipo duniani kote, zina mtandao wao, na mtandao una baraza. Na sote, wa huku na wa huko, tuna desturi moja: ukilalamikia kitu, kazi ya kukirekebisha ni yako. Ukisema kitasa cha choo kibovu, umeshakabidhiwa bisibisi. Wifi yangu aliwahi kunung'unika kwamba moshi wa kuchomelea unamuua, na wiki hiyohiyo alikuwa juu ya ngazi anatoboa ukuta aweke dirisha. Ni desturi nzuri, inawanyamazisha wavivu.

Basi, miaka miwili iliyopita nilialikwa kusikiliza mkutano wa baraza kwenye kompyuta. Nikatazama zile nyuso zilizojipanga kwenye skrini, zote za upande mmoja wa dunia, zinazungumzia mambo ya "sisi sote". Nikafungua mdomo. Nikauliza, mbona kanda yetu haina mtu hapo? Halafu mwenyekiti, mama mmoja mwenye sauti ya upole kweli, akasema jambo hilo ni la haki na linauma, na kwa desturi yetu aliyelisema ndiye mwenye kazi. Wakapiga makofi. Kufumba na kufumbua, kiti cha kanda kikawa changu.

Jamani, hicho kiti. Kanda yenyewe ina nchi sijui ngapi, nyingi sijazikanyaga. Lakini wakigusia mafuriko, wananigeukia: kanda inaonaje? Wakigusia umeme, wakigusia taka, wakigusia kina mama: kanda inaonaje? Nikisema sijui, katibu anaandika kwamba kanda haina msimamo. Siku moja nilipiga chafya, na nadhani nayo iliandikwa. Picha yangu iko kwenye kila tangazo lao, nimeshika chuma cha kulehemu, na tangu picha ile ipigwe sijakishika tena sawasawa.

Hilo ndilo linaloniuma. Mimi na wifi yangu tulikuwa tunaunda mashine ya kuyeyusha chupa za plastiki na kuzivuta ziwe uzi, ule unaotumiwa na printa za kuchapa vifaa, vifuniko, gia na vikorokoro vingine. Yeye ni mchomeleaji, karakana nzima inamwita Cheche. Mwili wa mashine aliumaliza zamani. Nyaya na joto vilikuwa kazi yangu. Mpaka leo mashine ile imekaa pembeni, imefunikwa shuka, kwa sababu mikutano ya baraza, na kamati za baraza, na vikao vya kuandaa mikutano ya kamati, vyote vinaangukia mchana, saa za kazi. Nikikosa, kiti kinahesabiwa hakina mtu, na kanda isiyo na mtu inapoteza kura. Kuondoka naruhusiwa, ila kwanza nipate mtu wa kanda wa kukipokea, na baraza limkubali. Nimeandikia karakana nyingine kadhaa. Zote zimenijibu kwa mapenzi makubwa kwamba nafanya kazi nzuri, niendelee tu.

Na mikutano yenyewe nafanyia stoo. Huko nje kuna msumeno na mashine ya kusaga chuma, hamsikilizani, kwa hiyo najifungia. Stoo haina dirisha. Magoti yangu yanagusa rafu ya kibodi mbovu, mgongo unagusa mlango, na mtu akitaka misumari inabidi nisimame, nibebe kompyuta, nitoke, aingie, atoke, niingie. Nasikia wenzangu wanacheka upande wa pili wa mlango. Namsikia Cheche anagonga chuma, najua hata ni chuma gani. Mimi natabasamu kwenye kamera. Kuna siku nilizima picha ili nilie, nikasema mtandao unasumbua.

Ni Cheche mwenyewe aliyejitolea.

"Nipe hicho kiti," aliniambia, huku anavua glavu. "Wewe unawabembeleza wale watu. Mimi nitawaambia."

"Lugha yao huijui, wifi."

"Kwani wao yangu wanaijua?"

Mume wangu aliposikia kwamba dada yake anakwenda barazani, alisema analihurumia baraza. Nikapeleka jina, likaingizwa kwenye ajenda ya mkutano wa kufunga muhula. Akikubaliwa, narudi mezani kwangu siku ileile. Akikataliwa, ni miaka miwili mingine. Nikajiapia kwamba siku hiyo, liwalo na liwe, silalamikii kitu. Wakisema mbingu ni ya kijani, nitawaambia ni kijani kizuri.

Siku ikafika, tukajibana stoo, mawifi wawili kwenye kiti kimoja, kila mtu na upande wake. Cheche alikuwa amefua koti lake la kazi na kulipiga pasi, kitu ambacho sijawahi kukiona. Alikuwa amekaa wima, mikono mapajani.

Mwenyekiti alimkaribisha kwa maneno mazuri. Wakamsifu, wakasema karakana ya dunia ni nyumba yake. Halafu bwana mmoja wa miwani, anayesimamia taratibu, akasema wamefurahi mno kumpata mwanamke mchomeleaji, na kiti wampe bila shaka yoyote. Isipokuwa vikao vinakwenda kasi na lugha ya kazi ni moja. Kwa hiyo pengine kwa sasa mgeni awe anasikiliza tu, kusema na kupiga kura vije baadaye, akishakuwa tayari. Vichwa vikatikisika kukubali. Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye neno.

Hapo nilikuwa nimeshatoka. Wallahi nilikuwa nimeshatoka. Kukaa kimya tu, pumzi mbili tatu, wapige makofi, nifungue mlango, nikalivue shuka lile.

Cheche hakuwa ameelewa hata neno. Alikuwa bado anawatabasamia, anasubiri zamu yake.

Nikasema. Niliwauliza ni sikio gani hilo wanalotaka asikilize nalo, kama hakuna anayemwambia kinachosemwa. Niliwauliza baraza la dunia nzima limekosaje mkalimani hata mmoja. Nilisema kwa hasira, na kabla sijamaliza nilishajua nimefanya nini, maana mwenyekiti alikuwa ameshaweka mkono kifuani. Jambo hilo, akasema, ni la haki na linauma. Makofi yakapigwa. Cheche akapewa kiti pamoja na ruhusa ya kusema, nami nikawa mkalimani wa kiti cha kanda, kila kikao, muda wote Cheche atakapokuwepo.

"Wamesemaje?" Cheche akaninong'oneza.

"Wamesema uzungumze."

Akavuta pumzi, akazungumza, nami nikawa natafsiri kila anapotua. Sikujua amepanga kusema nini. Alisema yeye ni mchomeleaji na kiti hiki hakukitaka kwa ajili ya heshima. Alisema ana mashine imelala miaka miwili kwa sababu mwenzake amechukuliwa. "Mlitaka mtu wa kanda," alisema, "mkampata mmoja, mkamgeuza kanda nzima. Yule ni fundi. Kila siku namwona anaingia stoo akiwa mtu, anatoka amechakaa. Mimi nimekuja mumwachie. Mkitaka kutujua, njooni tuliko, au tuiteni wengi."

Niliyasema yote kwa lugha yao, neno kwa neno, sauti inanikatika. Nilijiona kwenye kile kijidirisha changu cha skrini, machozi yananitoka, nikijiombea mwenyewe kwa watu nisiowajua.

Mwenyekiti alifuta macho. Akaniangalia mimi.

"Asante, Kanda," akasema. "Hujawahi kuzungumza vizuri hivi."

Katibu akaandika kwamba kanda imeeleza hisia zake. Wakaingia ajenda iliyofuata.

"Wamesemaje?" Cheche akauliza.

"Wamesema asante."

"Na wewe unatoka lini?"

Kazi yangu ilikuwa kufikisha kila anachouliza, kwa hiyo nikainama kwenye kompyuta na kuwauliza natoka lini. Hakuna aliyeinua uso. Kipaza sauti chetu walikuwa wamekizima kutoka kwao. Cheche akanishika mkono, akanisogelea, akaniomba nimwambie sasa wanajadili nini, na nikaanza kumtafsiria.