Sharti la Karabai

Mimi ni fundi wa majiko ya mafuta na pasi za umeme, na mtaa mzima unajua kwamba hakuna skrubu inayonipotea. Nalisema hili mapema ili mjue niliaibika kiasi gani.

Shangazi yangu, aliyenilea, ana cherehani yake sebuleni, nami nina meza yangu ya kazi barazani. Kati yetu kuna dirisha tu, kwa hiyo kila mteja wake namwona na kila neno nalisikia. Ndivyo nilivyomjua Bwana Futi. Alikuwa mpima ardhi, sasa amestaafu, alifiwa na mkewe miaka mingi iliyopita, na futi lake la chuma halitoki mfukoni. Alikuja kupunguza suruali. Akarudi kupunguza ya pili. Ilipofika suruali ya sita nikajua hapa hakuna suruali, kuna jambo.

Siku aliyolisema, alimwambia Shangazi kama anasoma ramani. "Fundi, naomba tuoane. Nina afya, nina nyumba, na sikoromi sana."

Shangazi ana miaka hamsini na tisa na hajawahi kuolewa. Alicheka mpaka pini zikamtoka mdomoni. Kisha akaigonga meza kwa subana yake ya shaba, kile kikofia cha kidole cha mshonaji, ko, ko, ko, kama afanyavyo akibanwa na swali. Subana ile haimtoki kidoleni. Naijua kwa mlio tangu nikiwa shule ya msingi.

"Unaiona karabai ile juu ya kabati?" akasema. "Ilikuwa ya mama. Kaka yangu aling'oa vyombo vyake vyote akatia waya na balbu. Siku itakapowaka kwa mafuta na pampu, kama ilivyotoka kiwandani, bila kubandikwabandikwa, nitakujibu."

Basi Bwana Futi akaishusha taa, na akaishushia wapi? Juu ya meza yangu, kwa wiki sita! Mtu yule hajui spana. Alifungua nati kwa kuikaza. Alimwaga spiriti, akawasha kiberiti kuangalia imemwagikia wapi, akaunguza nusu ya nyusi yake ya kulia. Shangazi alipoiona nyusi ile alijificha nyuma ya pazia akicheka, nami nikalazimika kuwatumikia wote wawili, huyu maji ya baridi na yule kitambaa cha kufutia machozi.

Hata hivyo tulisonga mbele. Balbu na waya tulivitupa. Mrija na kichomeo tulivipata kwenye sanduku la vyuma vya huyo kaka mtu, chini ya misumari. Washa ya pampu, kile kipande cha ngozi cha kuzuia upepo, niliikata kutoka kiatu cha ngozi cha Bwana Futi, naye akarudi nyumbani na kiatu kimoja bila kulalamika. Kioo kipya, soksi mpya ya kuwakia, yote tayari. Kikabaki kitu kimoja, kifuniko cha tundu la mafuta. Bila hicho upepo unavuja. Unapampu mpaka jasho linakutoka, na taa inapumua tu.

Tundu lilikuwa milimita kumi na nane na nusu. Bwana Futi alipima chupa za dawa, vizibo vya madebe, hata kifuniko cha manukato yangu. Wapi!

"Mzee," nikamwambia, "nikate mpira nizibe. Nani atajua?"

"Nitajua mimi."

"Tafuteni vizuri!" Shangazi alitupigia kelele dirishani. Ko, ko, ko.

Nilimkasirikia. Bwana Futi akija, Shangazi anaimba; mzee akichelewa, Shangazi anavunja sindano, halafu ukimwambia aondoe sharti anakujibu sharti ni sharti.

Alhamisi ya wiki ya sita mzee alikuja na habari. Binti yake amejifungua, anataka baba akaishi naye, mji wa mbali. Lori la kubeba vyombo linakuja Jumamosi. "Ikiwaka nitabaki," akasema. "Isipowaka nitakwenda." Ndani, cherehani ikasimama.

Jumamosi, saa tisa alasiri, jua la kuchoma, mzee ameketi barazani amevaa koti, na karabai yake iko wazi tundu. Sikuvumilia. Niliingia ndani nikiwa nimejiandaa kufoka.

Shangazi alikuwa ameketi mikono mapajani. Kidole chake cha kati kilikuwa uchi. Subana ilikuwa mezani, imelala chali, na ndani yake niliona hesi, ile mistari ya skrubu, zimezunguka vizuri kabisa, za kufungia.

"Shangazi!"

"Usinipigie kelele. Kaka alivitupa vyuma kwenye kopo langu la vifungo, hiki kikanienea kidole."

"Na ulijua?"

"Tangu siku ya sharti. Nilidhani atachoka wiki ya pili." Macho yalimjaa maji. "Hakuchoka. Nikaogopa taa ikiwaka hatakuwa na sababu ya kuja."

Akainuka, akatoka, akakifunga kifuniko mwenyewe. Kikakaa. Nikapampu, mzee akawasha spiriti (nilimshika nyusi iliyobaki), na karabai ikakohoa, ikavuma, fuuuu, soksi ikawa nyeupe pe. Kwenye jua lile mwanga hatukuuona vizuri, lakini tulipiga vigelegele hadi majirani wakatoka kutazama wendawazimu wanaowasha taa mchana.

Bwana Futi alitoa futi lake. Hakuipima taa. Alikishika kidole cha Shangazi, kile kilichovuliwa, akakipima.

"Kumi na nane na nusu," akasema, bila kushangaa hata kidogo.

"Ulijua!" nikapiga kelele.

"Tangu kikombe cha kwanza cha chai alichonipa hapa barazani, nilipoiona subana kwa karibu."

"Wiki sita mezani kwangu! Kwa nini hukusema?"

"Kilikuwa kidoleni mwake, mwanangu. Ningekivua mimi, ningepata taa tu."

Barabarani lori lilikuwa limefika, dereva anapiga honi akiuliza vyombo viko wapi. Shangazi alikuwa bado amenyoosha kidole.

"Pima tena," akamwambia, "nisije nikaletewa pete inayobana."