Betri Mfukoni

Wimbo wa tatu ulikuwa umekolea ndipo fundi wa magitaa alipotia mkono mfukoni kutafuta kitambaa cha kufutia nyuzi, akashika betri. Betri mpya, haijatolewa hata kwenye karatasi yake. Mama yangu weee! Aliigeuzageuza pale pale nyuma ya masanduku ya magitaa.

Kwa asiyejua, gitaa la besi la aina ile halina mchezo. Lina kijumba cha betri mgongoni, na betri isipokuwemo halitoi hata mlio wa mbu. Kuibadilisha kabla ya kila shoo ilikuwa kazi yake yeye, si ya mtu mwingine. Leo alitoa ile ya zamani, akaitwa mara moja kushika waya, akarudi akakaza kijumba kitupu kwa bisibisi na kwenda zake kunywa chai. Fundi mzima! Na mpigaji mwenyewe ni kaka yake wa tumbo moja, yule ambaye mashabiki humwita Ngurumo. Kiongozi wa bendi alishasema waziwazi, tangu mwaka juzi, kwamba Ngurumo akiharibu shoo moja tena, ziara yake imeishia hapo.

"Nimemmaliza kaka yangu," alijisemea, kiganja mdomoni.

Halafu akasikia. Besi ilikuwa inapiga! Tena inapiga kweli kweli, mbao za jukwaa zinatikisika mpaka anazisikia kwenye magoti. Na Ngurumo yuko kule mbele anatingisha kichwa, vidole kwenye nyuzi, kalishika gitaa bubu.

Fundi alikimbia mpaka pembeni ya jukwaa, kwa fundi mitambo wa sauti waliyempachika jina la Masikio.

"Besi inatoka wapi?"

"Kwa kaka yako," alijibu Masikio bila kugeuka.

"Acha utani bwana! Betri yake hii hapa!"

Masikio aliitazama ile betri, kisha akamgeukia. "Basi ushajua. Ni rekodi, mwaka wa pili huu. Vidole vyake vinakufa ganzi. Hata vifungo vya shati vinamshinda. Hujaona?"

Hakuona. Kila siku anamfungia nyuzi mpya, anamvisha mkanda begani, na hakuona! Alitamani ardhi ipasuke immeze. Kisha hasira zikampanda.

"Na kwenye hiyo rekodi mmemweka nani badala yake?"

Masikio alikuna kichwa. "Mchana mastaa wakilala hotelini, nani hujaribu besi? Nani hupiga nyimbo zote, mwanzo mpaka mwisho, ili mimi nipange sauti?"

Fundi akatega sikio. Kwenye spika noti ya mwisho kabla ya kiitikio ikachelewa kidogo. Kaka yake, aliyemfundisha kupiga tangu wakiwa nyumbani, humgombeza kila mara kwa kuichelewesha noti hiyo hiyo.

Wimbo ulipokwisha Ngurumo alikuja, kama kawaida, kubadilisha gitaa. Alimwangalia fundi, dada yake huyo, usoni mara moja tu.

"Masikio kakwambia."

"Kaka, mimi? Mwaka wa pili mnanipigisha mimi, nami nabeba masanduku kama punda?"

"Ningekwambia, ungekubali?"

"Nisingekubali hata kidogo! Ile ni nafasi yako!"

"Ndiyo maana sikukwambia." Alijaribu kutabasamu, ikashindikana. "Waliniletea wapigaji watatu, mdogo wangu, nikawakataa wote. Nikasema kama lazima awe mtu mwingine, basi uwe wewe."

Akainamisha shingo avishwe gitaa lingine. Fundi alimvisha, machozi yanamdondokea kwenye mkanda, akashindwa kujua ampige kofi au amkumbatie. Uwanja mzima ulikuwa unapiga kelele, "Ngurumo! Ngurumo!" Kaka akarudi kwenye taa, akainua mkono kuwashukuru.

Mpiga ngoma akagonga vijiti mara nne. Fundi akabaki kaduwaa nyuma ya masanduku, akijisikia mwenyewe kwenye spika anauanza wimbo wa nne.