Kompyuta ya Kufukuza Ndovu

Danson wa Makwasinyi alipenda vyombo kuliko vyombo vilivyompenda yeye. Redio ya jirani ikikwaruza kidogo tu, Danson alikuwa wa kwanza kufika na bisibisi, na mara nyingi redio ile haikusema tena. Mkewe, Jerusha, hakuhitaji chombo chochote. Alizaliwa na sauti. Akiita mbuzi kutoka mlangoni, watu wa ng'ambo ya korongo walisimama kuangalia kama ni wao walioitwa.

Mwaka ule mvua ilinyesha vizuri, jambo ambalo upande ule wa mlima Kasigau si la kila mwaka. Mahindi yakabeba, pojo zikatanda shambani mpaka ukashindwa kuona mchanga. Ndovu nao wakapata habari. Walitoka kichakani kukikaribia kupambazuka, wakala, wakakanyaga walichoshindwa kula, wakaenda zao. Watu walichoma pilipili, wakapiga madebe, wakaning'iniza vipande vya mabati kwenye waya vigongane na upepo. Ndovu waliogopa kwa siku chache, kisha wakawa wanakula huku mabati yakiwapigia muziki.

Ndipo Danson akashuka Voi kumwona bintiye Rita, aliyekuwa na duka la tableti za wanafunzi na kompyuta ndogo. Rita alimsikiliza babake mpaka mwisho, akafungua kabati, akamwekea mezani kitu cheusi, bapa, kisichofika ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia.

"Hii ni chaja?" Danson akauliza.

"Ni kompyuta, Baba."

"Nzima?"

"Nzima."

Danson akaigeuza, akaichungulia matundu. "Na feni yake iko wapi?"

"Haina. Prosesa yake haipati moto, kwa hivyo haihitaji kupepewa. Zile kubwa hula umeme kama mashine ya kusaga unga. Hii hata ile paneli yako ndogo ya sola itaishibisha, na betri isiishe mpaka kuche."

Kisha Rita akamweleza mpango wake. Kamera itafungwa kwenye nguzo mwisho wa shamba. Kompyuta itakuwa ikitazama picha zake bila kuchoka. Ikiona ndovu, itapiga sauti ya nyuki kwenye kipaza sauti, kwa sababu ndovu, pamoja na ukubwa wake wote, huogopa nyuki.

"Lakini nisikilize vizuri," Rita akasema. "Hii prosesa haina haraka. Inafikiria polepole. Ipe kazi moja tu, itaifanya. Ukiiongezea nyingine, itazichelewesha zote."

Danson alikuwa bado anastaajabia habari ya umeme. Ile ya kazi moja ilimpita sikioni kama gari la Mombasa lisilosimama.

Rita alikuja nyumbani mwenyewe kuifunga, akahakikisha inafanya kazi, akarudi Voi. Kabla vumbi la gari lake halijatulia, babake alishaanza kuishangaa kompyuta ile ikikaa bure mchana kutwa ikitazama pojo. Aliona ni uvivu. Akaitilia nyimbo za kwaya ya kanisa. Akaitilia filamu. Akaiunganisha na televisheni ili watu waje watazame mpira. Jirani yao Kasyoka, mjane aliyelima shamba la pembeni, aliomba kuhifadhiwa picha za harusi ya mwanawe, na Danson akamwambia alete zote. Halafu akagundua kuwa inaweza kurekodi sauti, na siku anajaribu maikrofoni ndiyo siku Jerusha alipokuta mfereji wa tenki umeachwa wazi. Maikrofoni ilifanya kazi vizuri sana.

Ilipofika siku ya kuionyesha kompyuta kwa majirani, Jerusha alipika pilau, naibu chifu Titus akaalikwa, na mchungaji akaja kuombea chakula. Tatizo likawa ndovu. Wakiwa hawatakiwi huja kundi zima, na leo wanatakiwa hakuna hata mmoja.

"Tutamtengeneza," Danson akasema.

Akaleta turubai la kijivu na mpira wa kumwagilia maji. Yeye akashika mbele, mkonga ukining'inia. Kasyoka akaombwa awe nyuma, akasema afadhali ndovu wa kweli. Basi Titus, ambaye alikuwa mtu wa maendeleo, akavua kofia yake ya kazi, akainama, akaingia chini ya turubai. Ndovu yule akapita mbele ya kamera akiyumba. Kimya. Akapita tena. Jasho likawatiririka wawili wale, na mara moja miguu ya nyuma ikakosana na ya mbele kuhusu njia ya kufuata, wakaanguka ndani ya kunde. Spika haikusema kitu.

"Labda imeona viatu," Titus akasema akijipangusa.

"Tuleni," Jerusha akasema, kwa sababu pilau ilikuwa inapoa.

Wakanawa. Mchungaji akawaomba wafumbe macho, akaanza kushukuru kwa mvua, kwa mavuno, kwa akili aliyopewa mwanadamu ya kuunda vitu vya ajabu. Alikuwa anakaribia amina wakati nyuki walipolia. Walilia kwa sauti ya juu kabisa, kundi zima, kana kwamba mzinga umepasukia chini ya meza. Hakuna aliyengoja kuuliza. Meza ikalala, watu wakatawanyika. Titus alionekana akivuka uzio ambao akiwa na akili zake asingeuvuka, na mchungaji akapatikana baadaye zizini, amejifunika gunia, akiwa katikati ya maombi mengine mafupi zaidi.

Kompyuta ilikuwa imeona. Ila ilikuwa pia inapiga kwaya, inapanga picha za Kasyoka na kushughulika na filamu, ikafikiria, ikafikiria, mwishowe ikaamua kwamba kile kilichopita kilikuwa ndovu kweli. Titus aliposikia hivyo alitulia kidogo. Aliona angalau kazi yake ilitambuliwa.

Jerusha hakutulia. Pilau yake ilikuwa mchangani. Danson akajitenga nyuma ya ghala, akampigia Rita simu.

"Baba, umeweka nini humo ndani?"

"Vitu vidogo vidogo tu."

Rita akavuta pumzi. "Toa vyote. Usibakishe chochote isipokuwa ile sauti moja."

Danson akafuta. Akafuta kwaya, akafuta filamu, picha akazihamisha. Kwenye sauti alikuta majina yote ni namba tu, hakuna lililoandikwa nyuki. Akabakisha moja iliyoonekana kama ndiyo. Angeijaribu, lakini Jerusha alikuwa ameshasema hataki kusikia tena jaribio lolote kwenye boma lake, na Danson alijua kuna siku za kubishana na siku za kunyamaza.

Alfajiri moja, mbingu ikianza kuwa nyeupe, Danson akiwa usingizini alisikia anaitwa.

"Danson! Danson, unanisikia ama masikio uliyaacha Voi?"

"Nasikia, Mama Rita," akajibu, akashuka kitandani macho yakiwa bado yamefumba.

"Mfereji nilikuambia uufunge mara ngapi? Maji yote ya tenki yameenda kwa ndizi za Kasyoka. Sasa tutakunywa nini, tutakunywa bisibisi?"

"Naenda, naenda." Akavaa gambuti, akatoka mbio mpaka kwenye tenki. Mfereji ulikuwa umefungwa. Akaushika tena kuhakikisha. Umefungwa kabisa. Sauti nayo iliendelea kumwambia habari za mfereji, na ilitoka shambani. Danson akarudi ndani, akamkuta mkewe ameketi kitandani, shuka mabegani, mdomo umefungwa, akimtazama kama anayemwuliza ni nani huyo.

Walitoka pamoja. Mwisho wa shamba, nyuma ya nguzo ya kamera, walisimama ndovu, majike makubwa na watoto wao, masikio yamepanuka kama milango. Hawakula. Walikuwa wanasikiliza.

"Kila siku ni mimi tu, mimi tu. Na usinipe mgongo nikiongea na wewe."

Jike lililotangulia likampa mgongo. Wengine wakalifuata, mwendo ukawa mbio, vichaka vikavunjika, kisha kukawa kimya. Hakuna pojo hata moja iliyoguswa.

Danson alicheka mpaka akashika nguzo. Alipogeuka, aliona mkewe hacheki.

"Mimi huongea hivyo?" Jerusha akauliza.

Danson akajua hapo ni mahali pa kukanyaga kwa uangalifu. "Wakati mwingine."

"Wakati gani?"

"Wakati nimekosea."

"Basi ni kila siku," akasema, akaingia ndani.

Tangu siku hiyo Jerusha alianza kuongea kwa sauti ya mtu aliye hospitali. Aliita mbuzi kwa kunong'ona, na mbuzi wakalala porini. Danson aliacha mlango wa kuku wazi, akangoja, akaambiwa tu, "Si neno, nitaufunga." Alimwaga chai kwenye kitambaa cha meza, na mkewe akakichukua akaenda kukifua bila kusema lolote. Mwanzoni Danson alidhani ni likizo. Baadaye akagundua kwamba anatembea nyumbani kwake kwa kunyata kama mpangaji.

Jioni moja, ugali ukiwa katikati yao, akashindwa.

"Mama Rita, tangu nikuoe sijawahi kufika kwenye ile kona ya chini nikajiuliza kama kuna mtu nyumbani. Nilikuwa nakusikia. Siku hizi nafika mpaka mlangoni na sijui."

Jerusha akakata tonge, akalizungusha mkononi bila kulila. "Nilisikika kama mtu asiyekupenda."

"Asiyenipenda angeniacha na mfereji wangu."

Jerusha akalila tonge lile.

Kesho yake Kasyoka alikuja mapema. Ndovu waliofukuzwa kwa Danson walikuwa wamehamia kwake, na alishatuma kwa Rita aletewe kompyuta kama ile. "Nyuki sitaki," akasema. "Nataka Jerusha."

Jerusha alikataa, kisha akafikiria mahindi ya jirani yake, akakubali kwa sharti moja: angerekodi upya, kwa adabu. Alivaa gauni la Jumapili, akakaa mbele ya maikrofoni, mikono mapajani.

"Wapendwa ndovu," akasema polepole, "tunawaomba kwa heshima msiingie katika shamba hili, kwani tumelilima kwa shida. Asanteni sana na Mungu awabariki."

Kompyuta ilipofungwa kwa Kasyoka, ndovu walikuja. Walisikiliza, wakala mistari ya mahindi mpaka karibu na jiko, na dume moja likajikuna kwenye nguzo ya spika wakati likibarikiwa.

"Hapana," Kasyoka akasema. "Lazima akasirike."

Ikawa kazi ya Danson kumkasirisha. Walikaa uani, Kasyoka akiwa ameshika kidude cha kurekodi. Danson akaanza na mbuzi waliolala porini. Jerusha akasema ni kosa lake mwenyewe. Akaingia kwenye kuku, akaingia kwenye chai, akaitaja hata redio ya mchungaji aliyoinyamazisha kwa bisibisi. Jerusha akaanza kutabasamu. Alipofika pale Titus alipoangukia kunde akiwa matako ya ndovu, mkewe alikuwa anafuta machozi kwa kicheko, na Kasyoka naye haoni vizuri.

Danson akaishiwa. Akakuna kichwa. "Basi liko moja ambalo hulijui," akasema. "Kifuniko cha ile sufuria kubwa."

Kicheko kikakatika. Kifuniko kile kilikuwa kimetafutwa tangu siku ya pilau. Hata Kasyoka alikuwa ameulizwa mara mbili, na ya pili si kwa upole.

"Kiko wapi?"

"Kamera ilikuwa inapigwa na jua. Nikakikata kidogo. Nikaitengenezea kofia."

Jerusha akainuka. Akaangalia mwisho wa shamba, akaiona nguzo, akaiona kamera, na juu yake akakiona kifuniko cha sufuria aliyopewa na mamake, kimekunjwa pembeni, kinameta. Kasyoka alibonyeza upesi. Yaliyofuata yalifika ng'ambo ya korongo, na mbuzi wote wa Danson wakarudi nyumbani, ingawa jua lilikuwa bado juu.

Kwa Kasyoka ndovu walirudi mara moja tu, wakasikia habari za kifuniko, wakaondoka. Wakulima wengine wakaja kuomba, na Rita akashangaa kuona kompyuta za Makwasinyi zinaagizwa kuliko za shule. Kila shamba lilitaka rekodi yake lenyewe, kwa hivyo Danson alilazimika kukosea kwa bidii. Alfajiri alizoea kulala akisikiliza makosa yake yakisomwa upande huu na upande ule wa mlima, na watu waliokutana naye njiani walimwuliza kama kitambaa cha meza kilitakata. Kompyuta zenyewe hazikuchelewa tena. Zilikuwa na kazi moja, nazo zilishiba kwa jua dogo.

Pojo zikavunwa, mahindi yakaingia ghalani. Siku chache baadaye dume moja lilifika peke yake kwenye mabua yaliyobaki. Danson alilitazama kutoka mlangoni. Lilisimama mbele ya spika, likasikiliza rekodi yote kuanzia mfereji hadi mgongo, na ilipokwisha likaingia taratibu likaanza kula.

Danson akaenda kumwambia mkewe, aliyekuwa uani anapepeta pojo. "Wameanza kuzoea."

"Hata wewe ulizoea," Jerusha akasema. "Na wewe huna masikio makubwa kama yao. Kaa hapa ushike ungo."

Danson akakaa, akashika ungo. Mabua yalikuwa ya kuchomwa hata hivyo. Jerusha akamimina pojo, akaanza kumsimulia habari za mchumba mpya wa binti wa mchungaji, kwa sauti yake ya kawaida, na Kasyoka, ng'ambo ya ua, akaitikia.