Mkoba wa Sagesse

Mwalimu aliuliza kama wanafunzi waruhusiwe kuingia chuoni na bastola zilizofichwa. Darasa likalipuka. Wavulana wa nyuma walisema Johannesburg si mji wa kutembea mikono mitupu. Msichana mmoja akajibu kwamba anawaogopa wao kuliko wezi, watu wakacheka. Kisha Sagesse akasimama.

"Kisu kikae hapa shingoni," alisema, "ndiyo utaniambia mambo ya sheria."

Huwa sisemi darasani. Lakini kisu hicho nilikijua: nilikuwa na Sagesse wezi walipotupora simu mtaani Berea, karibu na jengo tunalopanga. Ukimtoa mama yangu aliye Tanga, Sagesse ndiye mtu pekee anayeniuliza kama nimekula.

Mchana, tulipokaa nje ya kantini, aliuchukua mkono wangu akauweka juu ya mkoba wake.

"Gusa."

Kitu kigumu, kizito. Nikauondoa mkono haraka.

"Ni bastola ya kaka Firmin. Yeye analinda usiku, mchana analala. Weye Bushra, unaogopa nini? Iko inalala tu."

"Na ikiamka?"

"Itaamukia bale batu babaya."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. "Umepitaje nayo langoni?"

"Kwa Kiswahili, ma chérie!"

Nilielewa. Papa Lambert, mlinzi wa lango, ni Mkongo kama Sagesse, mtu wa Bukavu. Wengine wote huwapekua, lakini sisi tukimwamkia kwa Kiswahili hutupungia mkono tupite. Kumpekua mtoto wa nyumbani, anasema, ni kumtukania mama yake.

Nilimsihi Sagesse aiache nyumbani. Akafunga zipu. "Basi utembee peke yako."

Hata hivyo, asubuhi iliyofuata tulikwenda pamoja. Mkoba wake ulininginia upande wangu, mzito vilevile. Tulipokaribia lango alipaza sauti tamu: "Jambo, Papa! Mulilala muzuri?"

"Muzuri, batoto yangu. Mupite."

Nikasimama. "Papa, naomba upekue mikoba yetu. Anza na wangu." Sauti ilitoka ndogo mno, ikabidi nirudie.

Uso wa mzee ulinywea. "Mwanangu, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea, Papa."

Foleni ilianza kunung'unika nyuma yetu. Nilitoa vitu vyangu kimoja kimoja juu ya meza yake: vitabu, chupa ya maji, kanga ya kuswalia. Yeye hakuvitazama, alitazama pembeni, kama mtu aliyeonyeshwa aibu isiyo yake. Nilipogeuka, Sagesse alikuwa ameshavuka kwenye roboti, taa za barabarani, anarudi nyumbani.

Kiti cha Sagesse kando yangu darasani kilibaki kitupu siku ile, na wiki ile nzima.

Ijumaa jioni nilimwona Sagesse mbele yangu, njia ya Berea, ameukumbatia mkoba kifuani. Nilimwita. Nikaongeza mwendo, naye akaongeza.